Mstari wa Tatu

Niliuandika nyuma ya risiti za duka la vipuri,
noti kwanza, maneno yakafuata baadaye
kama mgeni aliyetanguliza begi.

Sikuwaandikia wanakwaya.
Wanakwaya wana sare, wana mazoezi Jumatano na Ijumaa,
wana Fanuel na kinanda chake chenye funguo mbili bubu.
Niliwaandikia wanaokaa nyuma ya nguzo,
wanaoingia wakati wa matangazo,
mzee Mwakifuna asiyepanda zaidi ya la
tangu kifua kilipomlaza Amana miezi miwili.
Nikaishusha do kutoka G hadi E.
Sauti ya kwanza wakanung'unika:
Mwalimu, huku chini tunatembea matopeni.
Nikawajibu, ndiko waliko watu.

Kanisa letu liko Kiwalani, kwenye njia ya ndege.
Saa nne na robo, ibada ya pili,
hupita dege moja chini chini hadi mabati yanaimba,
mchungaji hunyamaza, kidole kikiwa bado juu,
na sote tunamngoja rubani.
Kwa hiyo baada ya mstari wa tatu
niliacha mapigo manne matupu.
Fanuel alidhani nimesahau.

Mstari wenyewe ulikuwa huu:
Unanijua, Bwana, unanijua.
Niliulalia siku tisa.
Mizani imekaa, vina vimekaa,
nikajiona fundi.

Jumapili tukawafundisha kwa kukariri,
maana vitabu ni kimoja kwa watu watano
na ukutani hakuna pa kusoma ila saa iliyosimama.
Mimi mbele, mkono juu, natoa mstari, napokea mstari.
Wa tatu ukarudi umebadilika.

Benchi la pili kutoka mlangoni, upande wa wanawake,
Bi Twilumba muuza mkaa,
macho amefumba, shingo imenyooka:
Unanitua, Bwana, unanitua.

Nikamtamkia kwa midomo, kama kwa kiziwi: ju. Ju!
Amefumba, ataonaje?
Jirani yake akamfuata, na jirani wa jirani.
Ubeti wa pili benchi zima lilikuwa limeshahama.
Ubeti wa tatu wakaingia wanaume,
na Nsajigwa, besi wangu mwenyewe, msaliti,
karatasi mkononi, jicho kwangu, mdomo kwao.

Ndipo likaja dege.
Mapigo manne. Hakuna aliyeimba.
Kivuli kikatambaa juu ya vitambaa vya vichwa,
magurudumu nje,
likatua.

Usiku nikazitandaza risiti zangu mezani.
Kujuliwa ni jambo kubwa, sikatai.
Lakini mimi sijawahi kufika mlangoni na gunia kichwani,
shingo haigeuki, jasho limeingia jichoni,
nikangoja yeyote mwenye mikono aseme,
lete nikutue.
Anayejua anaweza kujua akiwa kwenye kochi.
Anayetua sharti ainuke.

Nikafuta j, nikaweka t.
Hakuna noti hata moja iliyosogea.

Jumanne nikapita kijiweni kwake kumwambia.
Alikuwa anampimia mtoto mkaa wa kopo,
vidole vyeusi hadi kwenye viwiko.
Kwani wewe ulikuwa umeandikaje? akauliza.
Nikamwambia.
Akafikiri. Akaongeza vipande viwili vya nyongeza,
akafunga mfuko, akahesabu chenji.
Na hilo nalo zuri, akasema.
Ungeliweka ubeti wa nne.

Ubeti wa nne sina.
Nimejaribu risiti za mwezi mzima.
Bosi ameanza kuuliza kitabu kinaishaje haraka hivi
na wateja ni walewale.
Ninayo mapigo manne matupu,
na Jumapili hii, wanasema, ndege itachelewa.